Tulimpandisha mama daraja melini, akaomba kurudi chini

Saa nane usiku, meli ikiwa imetoka Barcelona nchini Hispania kuelekea Marseille, Ufaransa, mama yangu alikuwa ameketi kwenye sakafu ya bafu, mgongo ameuegemeza ukutani, taulo ameliweka mapajani. Alikuwa ameshatapika mara nne. Hatua chache kutoka hapo, ng'ambo ya kitanda, kulikuwa na mlango wa kioo, na nje yake roshani yenye viti viwili na meza ndogo. Ni roshani hiyo iliyolipiwa zaidi ya Sh1 milioni ili yeye aketi aitazame bahari. Tangu jua lizame hakuwa ameigeukia hata mara moja.

"Watoto wako ghorofa ya ngapi?" aliniuliza.

"Ya tano, Mama."

"Na sisi?"

"Ya 14."

Akafumba macho. "Mmeniweka mbali," alisema, kisha akainama tena.

Huu ni mwaka wa nne naandika habari za afya. Nimeandika kuhusu chanjo, lishe ya watoto, presha za wazee na dawa zinazouzwa bila cheti cha daktari. Najua mama yangu hawezi kusafiri kwa basi kutoka Muheza hadi Dar es Salaam bila kiti cha mbele, ndimu mkononi na mfuko wa akiba kwenye pochi. Hata hivyo, dada yangu aliponipigia simu kuniuliza kama tumlipie Mama chumba cha juu chenye roshani, nilijibu ndiyo kabla hajamaliza kusema.

Mama mwenyewe hatukumuuliza.

Zawadi ya kustaafu

Mama ni mwalimu wa shule ya msingi. Alifundisha hadi alipofikisha miaka 60 mwaka jana, umri wa kustaafu kwa lazima kwa mtumishi wa umma. Dada yangu mkubwa anaishi Uingereza na anafanya kazi kwenye kituo cha kulea wazee, mara nyingi zamu za usiku. Mwenyewe hutania kwamba analipwa kuwaogesha na kuwalisha wazazi wa watu wengine. Utani huo huwa hauchekeshi sana.

Baba alipofariki, dada hakuweza kuja kuzika kwa sababu makaratasi yake ya ukaazi yalikuwa bado hayajakamilika. Alifuatilia mazishi kwa simu niliyoishika mimi, na mtandao ukakatika wakati jeneza linateremshwa. Hajawahi kulizungumza waziwazi, lakini tangu siku ile kila anachotuma nyumbani ni kikubwa kuliko mahitaji. Kuna friji ya milango miwili pale Muheza ambayo ndani yake mara nyingi utakuta maji, nyanya na sufuria ya maharage.

Kwa hiyo Mama alipostaafu, dada aliamua safari ya meli ya kitalii: siku saba katika Bahari ya Mediterania, wiki ya likizo ya Pasaka ya watoto wake. Kwa nini meli, na asimpeleke tu nyumbani kwake? Anasema nyumbani angeitwa kazini. Mimi nikateuliwa kumsindikiza Mama. Tuliomba viza kwenye ubalozi wa Hispania jijini Dar es Salaam, Euro 90 kila mmoja, pamoja na bima ya safari ya angalau Euro 30,000 ambayo ni sharti la viza ya Schengen. Hayo yote yalikwenda vizuri, hayana hadithi.

Hadithi iko kwenye vyumba. Mwanzoni dada alinunua viwili vya bei ya chini, ghorofa ya tano, katikati ya meli, vinavyotazamana mlango kwa mlango. Kimoja cha kwake na watoto wawili, wa miaka sita na mitatu, kingine changu na Mama. Havikuwa na dirisha. Alipomtumia Mama picha aliomba radhi: "Mama, hakina dirisha, lakini ni kisafi."

Mama akajibu kwa ujumbe wa sauti ambao bado ninao: "Nikifungua mlango nikawaona wajukuu zangu, dirisha la nini tena?"

Mjukuu mkubwa alimshika mara ya mwisho akiwa na mwaka mmoja. Mdogo alikuwa hajawahi kumwona ana kwa ana. Wote wawili Kiswahili chao ni cha kuokoteza, na kwenye simu ya video wanasalimia, wanaonyesha jino lililotoka, halafu wanakimbia. Mama alishajipangia kazi: usiku saba, hadithi saba. Aliziandika majina kwenye daftari, kama anavyoandaa somo. Ya Sungura na Fisi, ya Kobe, nyingine za kwao alizosimuliwa na bibi yake. Sote tulijua kuhusu daftari lile.

Dau lilivyowekwa

Wiki tatu kabla ya safari, kampuni ilimtumia dada barua pepe ikimwalika "kuboresha likizo" yake. Sikujua biashara hii ikoje hadi safari hii. Meli inapokaribia kuondoka na vyumba vya bei kubwa bado vipo, baadhi ya kampuni huvipeleka kwenye mnada kwa watu walioshanunua vya bei ndogo. Unaandika kiasi unachokubali kuongeza kwa kila mtu. Kwenye ukurasa kuna alama inayokwenda kutoka nyekundu hadi kijani, kukuonyesha kama dau lako ni dhaifu au lina nguvu. Ukiongeza pauni kumi, alama inasogea. Dada anasema alijikuta anaisogeza kama mtu anayecheza.

Aliweka pauni 160 kwa kila mtu kwa ajili ya chumba changu na Mama. Jumla 320, karibu zamu mbili za usiku na ushee. Kwa ajili ya chumba chake na watoto hakuweka kitu, maana huko wangehesabiwa kwa dau jingine na fedha haikutosha.

Siku tano kabla ya safari dau likakubaliwa. Fedha ilikatwa papo hapo, na masharti yalikuwa wazi kwa yeyote ambaye angeyasoma hadi chini: ukishakubaliwa hakuna kurudishiwa, hakuna kubadilisha, na chumba utakachopewa ni kile ambacho kampuni itachagua ndani ya daraja lile. Mbele, nyuma, juu, chini, si juu yako. Hata mtu anayelala peke yake chumbani kwa kawaida hulipia dau la watu wawili. Unanunua aina ya chumba. Mahali kilipo ni bahati yako.

Dada alinipigia akilia kwa furaha. "Mama hajawahi kulala chumba kizuri maisha yake yote," alisema. Nami nililia kidogo. Tukakubaliana iwe siri hadi siku ya kupanda meli.

Kadi mbili, herufi mbili

Bandarini Barcelona, Mama na wajukuu walikutana kama nilivyotarajia. Yule mkubwa akaona haya, mdogo akaenda moja kwa moja kushika kilemba chake. Kisha tukaingia melini, tukakabidhiwa kadi za kufungulia milango, na dada akatoa siri yake. Mama aliitazama kadi, akamtazama yeye, akasema "Asante sana mwanangu, Mungu akubariki." Nilidhani amefurahi. Nikikumbuka sasa, aliuliza swali moja tu: "Na nyie?"

Meli ile ilikuwa na urefu wa zaidi ya mita 300, sawa na viwanja vitatu vya mpira vilivyopangwa kwa urefu. Chumba chetu kipya kilikuwa mbele kabisa, karibu na pua ya meli, ghorofa ya 14, nane juu ya watoto kwa sababu meli ile, kama nyingi, haina ghorofa ya 13. Kutoka mlango wetu hadi lifti ilikuwa korido ya zulia isiyokwisha. Mama ana maumivu ya magoti. Alipumzika mara mbili.

Kitu cha pili tuligundua jioni ile ile. Kila kadi ilikuwa na herufi ya kituo cha kukusanyikia endapo kutatokea dharura. Tangu ajali ya Costa Concordia karibu na kisiwa cha Giglio nchini Italia, Januari 13, 2012, iliyoua watu 32, sheria za kimataifa zilikazwa na zoezi la dharura sasa lazima lifanyike kabla meli haijaondoka au mara tu inapoondoka. Kituo hupangwa kwa kufuata chumba. Kadi ya Mama ilikuwa na herufi moja, za wajukuu zilikuwa na nyingine, upande mwingine wa meli. Tulipokwenda kwenye zoezi hilo tulikwenda njia tofauti. Mama alikuwa anageuka nyuma.

Dada alikwenda dawati la huduma kuuliza kama tunaweza kurudishiwa chumba cha zamani. Dada wa pale alikuwa mpole, alitafuta kwenye kompyuta yake. Chumba chetu kilikuwa kimeshauzwa, meli ilikuwa imejaa.

Bembea ya ubao

Kati ya Barcelona na Marseille kuna Ghuba ya Lion. Wenyeji wa huko wana upepo wao, mistral, unaoteremka kwa kasi kupitia bonde la mto Rhone na kutokea baharini ukiwa baridi na mkavu. Huvuma zaidi majira ya baridi na mwanzo wa machipuko, na sisi tulikuwa pale Aprili. Nahodha alitangaza kwa sauti tulivu kwamba usiku utakuwa na "mwendo kidogo".

Fikiria bembea ya ubao, ile ambayo watoto wawili hukaa kila mmoja upande wake. Ncha zinapanda na kushuka, lakini katikati, penye mhimili, ubao karibu hausogei. Meli inayokata mawimbi hufanya hivyo hivyo: pua inanyanyuka na kuzama, mkia nao, na katikati panatulia. Halafu kuna kuyumba kushoto na kulia, ambako huongezeka kadiri unavyopanda juu, kama mtu aliye kileleni mwa mnazi. Meli za kisasa zina mapezi chini ya maji yanayopunguza kuyumba huko kwa ubavu, lakini hayasaidii sana kuzuia pua isipande na kushuka.

Kwa hiyo mahali patulivu kabisa melini ni katikati na chini. Ndipo tulipokuwa, kwa bei rahisi, kabla hatujalipa Sh1 milioni kuhama. Wajukuu walilala fofofo usiku mzima. Asubuhi yule mkubwa aliniuliza, kwa Kiingereza, kama meli ilikuwa imeondoka kweli.

Na tulipoanza kupata usingizi, saa kumi na moja alfajiri, tukasikia viti vinaburutwa juu ya dari. Ghorofa ya juu yetu ilikuwa ya bwawa la kuogelea.

Kinachotokea mwilini

Nimeulizwa na wenzangu kazini kama Mama alikuwa "anaogopa tu". Hapana. Ndani ya sikio kuna viungo vidogo vyenye majimaji vinavyoueleza ubongo kwamba mwili unasogea. Ukiwa chumbani, macho yanaona kuta zilizotulia, wakati sikio linasema tunapanda na kushuka. Ubongo unapokea taarifa mbili zisizopatana, na kwa baadhi ya watu matokeo yake ni jasho jembamba, miayo, mate kujaa mdomoni, kichefuchefu na kutapika. Watu wa pwani huita kulewa bahari, lakini ni ugonjwa ule ule wa kwenye basi, gari na ndege.

Mzazi anayesoma hapa ajue kwamba watoto wa chini ya miaka miwili hulewa mara chache. Tatizo huanza baada ya hapo na huwa kali zaidi umri wa shule ya msingi, kisha wengi hupona wanapokua. Wanawake hupata zaidi kuliko wanaume, hasa wajawazito na wenye kipandauso. Mama ni miongoni mwa wale ambao haikuwatoka.

Dawa zipo, na hufanya kazi vizuri zaidi zikimezwa kabla ya safari. Ukishaanza kutapika, kidonge hakikai tumboni. Sinarizini inapatikana kwenye maduka mengi ya dawa hapa nchini, na husababisha usingizi. Promethazini pia, lakini hiyo haipaswi kabisa kupewa mtoto wa chini ya miaka miwili kwa sababu inaweza kumzuia kupumua, na nawaomba wazazi wanaoitumia ili mtoto "atulie safarini" waache. Kwa wazee, dawa za kundi hili zinaweza kuleta kuchanganyikiwa, kizunguzungu cha kuangusha na mkojo kuziba. Baadhi hazimfai mwenye glakoma. Muulize mfamasia, na mtajie dawa nyingine zote ambazo mgonjwa anameza.

Mama anameza dawa ya presha kila jioni. Usiku ule aliimeza, na nusu saa baadaye akatapika. Je, arudie? Mimi, mwandishi wa afya, sikuwa na jibu. Tulimwamsha dada kwa simu ya chumbani, akasema tusirudie, tumpime. Akapanda na kipimo chake cha presha, akiwa amewaacha watoto kwa dakika kumi na kijana mhudumu wa korido aliyekubali kusimama mlangoni. Presha ilikuwa sawa. Dada akakaa chini bafuni kando ya Mama akiwa na nguo za kulalia, akamshika paji la uso, hakusema neno. Kisha ikabidi aondoke, maana watoto walikuwa ghorofa nane chini.

Kilichosaidia hatimaye kilikuwa vitu vidogo: biskuti kavu na tufaha la kijani ambavyo mhudumu yule alileta bila kuombwa, maji kwa funda ndogo ndogo, na kulala chali macho yamefumbwa. Kulipopambazuka nilimshauri atoke rohani atazame mstari wa upeo wa bahari, kwa sababu macho yakiona kinachosogea yanapatana na sikio. Hilo ndilo jambo jema pekee ambalo roshani ile ilimfanyia Mama, na lilidumu dakika ishirini, kwa sababu kulikuwa na baridi kali.

Mlango uliofungwa

Baada ya Marseille bahari ilitulia. Ningependa kuandika kwamba mambo yakawa mazuri, lakini siku ya pili ndiyo ilionyesha tatizo halisi.

Wajukuu walipokuja juu, Mama hakuruhusu mlango wa roshani ufunguliwe. Yule wa miaka mitatu ni mpandaji, na viti vya rohani vilikuwa vyepesi, vya kusogezwa hadi kwenye ukingo. Alikuwa sahihi. Mtoto mdogo na roshani havipaswi kuachwa pamoja hata kwa muda wa kwenda chooni, melini au kwenye ghorofa ya Kariakoo. Kwa hiyo tulikuwa na roshani ambayo ilifunguliwa tu wakati wale aliokuja kuwaona hawapo.

Jioni, muda wa hadithi, ilibidi Mama ateremke. Korido, lifti, korido nyingine. Alifika, akakuta mdogo ameshalala kwa sababu walikuwa wametembea mchana kutwa. Akakaa kidogo pembeni ya kitanda, akarudi. Usiku wa pili, hadithi ya pili, haikusimuliwa. Daftari lilikuwa kwenye pochi.

Asubuhi ya siku ya tatu, tukiwa tunanywa chai, dada alimwuliza kwa uchangamfu: "Mama, umeionaje bahari leo?"

"Nimeiona," Mama alisema. "Mimi nimezaliwa Tanga, mwanangu. Bahari naijua."

Kukawa kimya. Dada alianza kukusanya vikombe ambavyo si kazi yake kukusanya. Kisha akasema, kwa sauti ya chini ili watoto wasisikie, kwamba alifanya zamu mbili za ziada kwa ajili ya chumba kile, na kwamba kila anachofanya hakitoshi.

Mama alimshika mkono. "Kinatosha. Kimezidi. Ungeniuliza tu, ningekuambia ninachotaka, na kilikuwa bure."

Nilitazama sahani yangu. Mimi ndiye niliyekuwa na Mama nyumbani, mimi ndiye niliyelisikia daftari likisomwa. Dada alikuwa mbali, alikuwa na haki ya kutojua. Mimi je?

Kubadilishana

Suluhisho lilipatikana kwa mjukuu mkubwa, ambaye aliuliza kwa nini Bibi asilale kwenye kitanda cha Mummy. Hatukuwa tumelifikiria. Sote tulikuwa tunadai chumba kwa kampuni, wakati vitanda tulikuwa navyo.

Tulirudi dawati la huduma, safari hii bila kulalamika. Tuliomba Mama apewe kadi ya chumba cha chini na dada apewe ya chumba cha juu. Walikubali kwa dakika tano. Tulisisitiza jambo moja: orodha ya dharura ibadilishwe pia, ili herufi ya kadi ya Mama ilingane na za wajukuu. Mtu akibadilishana vitanda kimya kimya, siku ya hatari anatafutwa mahali asipokuwepo.

Usiku ule Mama alilala ghorofa ya tano, chumba kisicho na dirisha, giza totoro ukizima taa. Nilimsindikiza na begi lake. Nikiwa bado mlangoni nilimsikia anasema "Paukwa!" na watoto wakakaa kimya kwa sababu hawakujua jibu lake. Akawafundisha. Akarudia. Safari hii mmoja akaitikia "Pakawa!" kwa lafudhi ya Kiingereza, na mwingine akacheka.

Hadithi tano zilisimuliwa. Mbili zilibaki kwenye daftari.

Kabla hujaongeza fedha

Wengi wetu hatutapanda meli ya kitalii, lakini tunapanda boti ya Unguja, meli ya ziwani na mabasi ya usiku, na huko nako kuna daraja la kulipia zaidi. Kama tiketi ya bei kubwa inakupeleka ghorofa ya juu mbele, na wewe au mtoto hulewa, kaa chini, katikati au kuelekea nyuma, karibu na dirisha. Mtoto asitazame katuni kwenye simu njiani, hata kama ndiyo njia pekee ya kumtuliza. Mwonyeshe kitu cha mbali nje. Asile mafuta mengi kabla, wala asisafiri tumbo likiwa tupu kabisa.

Na ukitumiwa ofa ya kupandishwa daraja, uliza mahali chumba kilipo kwenye ramani ya meli, na nini kiko juu yake na chini yake. Uliza kama inawahusu wote mlio kwenye safari au tiketi moja tu, kwa sababu hapo ndipo familia hutenganishwa. Ukiambiwa mahali hapajulikani hadi utakapolipa, basi unajua unachonunua. Hayo yanatafutika kwa dakika kumi. Swali ambalo mimi na dada hatukuuliza halihitaji hata intaneti.

Kampuni siilaumu sana, ilitoa kilichoandikwa. Ila ile alama nyekundu na kijani ningependa kujua nani aliibuni.

Siku zilizobaki mimi na dada tulilala kwenye chumba cha ghorofa ya 14. Usiku wa kwanza alitoka rohani na blanketi, akasema ataketi kidogo. Saa tatu usiku nilimkuta amelala kitini, mdomo wazi, kama mtu aliyetoka zamu. Sikumwamsha hadi baridi ilipozidi. Hatukuwa tumelala chumba kimoja tangu alipoondoka nyumbani. Tulizungumza kuhusu mazishi ya Baba, kwa mara ya kwanza, tukiwa tumezima taa.

Mama alikuja juu kila asubuhi kupiga picha. Kwenye kikundi chake cha akina mama Muheza picha zilizosambaa ni zile za roshani: kilemba cha njano, bahari nyuma, miguu juu ya kiti cha pili. Hajawaambia alilala wapi, na mimi sijaulizwa.

Dada anakuja Desemba na watoto. Ameshaanza kuulizia hoteli ya ufukweni Pangani. Mama amemjibu kwamba atanunua godoro la nne na kulitandika chumbani kwake.